Ritifaa Iliyokata Meseji

Kitufe alifika kijiweni kavimba kwa hasira, akajibwaga kwenye benchi mpaka kahawa ya Wembe, kinyozi, ikamwagika. Daktari wa meno wa ng'ambo ya barabara, aliyempa kazi ya kuandika programu ya kuwatumia wagonjwa meseji, alikuwa ametoka kumfokea mbele ya watu. Meseji zote zinakatika: "Njoo leo kung", basi. Asiporekebisha leo hii, kazi hana. Na yote kwa sababu ya kialama kimoja kisichozidi mguu wa sisimizi.

— Ritifaa! Ile ya ng'ombe! Maneno ya meseji nimeyazungushia alama hiyohiyo mwanzo na mwisho, sasa kompyuta ikiiona katikati inadhani yameisha, inafunga mlango!

— Si uzungushie alama mbilimbili? — alisema Wembe. — Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Chawa unao wewe! Kwenye Python, lugha ya kompyuta, moja au mbili sawa tu. Kwenye C, alama moja inabeba herufi moja, ukizidisha inakutukana. Kwenye SQL, ritifaa uiandike mara mbili ndipo ikuelewe. Programu yangu ina lugha zote hizo. Nimtii nani?

Mshono, fundi cherehani, alitikisa kichwa.

— Makusudi hayo. Waliozitunga hawana ng'ombe.

— Wana ng'ombe kutushinda! — Kitufe akafoka.

— Wa maziwa. Wa ritifaa hawana. Wanataka tuisahau, halafu waje watuuzie ritifaa yetu wenyewe.

— Ndiyo maana mtaka cha mvunguni sharti ainame, — Wembe akadakia.

— Mvunguni wapi? — Kitufe akamaka. — Alama iko juu!

— Basi panda ngazi.

Kitufe alitamani ampasulie Wembe kichwani ile kompyuta aliyoibeba. Kazi inamponyoka, na hawa wanamletea mzaha.

Mara mwanamke akavuka barabara mbio kutoka kwa daktari.

— Fundi wa meseji nani hapa? Mume wangu kishadungwa ganzi, mdomo umelala, anaguna tu. Daktari kashika koleo, sasa kaingiwa na shaka. Na mimi nimemsindikiza tu, hakuniambia kaja kwa lipi. Alikuwa wa kung'oa au wa kung'arisha?

Kitufe alifungua kompyuta, akalitafuta jina la mgonjwa. Mbele ya jina hilo palikuwa na neno moja: "kung".

Wembe akachungulia, akalisoma kwa sauti.

— Semeni basi, kaka zangu! Kule kinywa kimeshaachamishwa!