Smaili Plizi ya Mama Picha

Wapendwa katika Bwana, majirani na wateja wa marehemu, poleni sana, familia imemtuma kaka yake mkubwa, fundi viatu mnayemfahamu, awasomee historia hii, naye anaomba mumvumilie, kwani shule yake iliishia darasa la saba na leo macho hayamsaidii.

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Mama Picha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 katika zahanati ya misheni, mtoto wa pili na wa mwisho wa mama mfua nguo na baba mlinzi wa ghala, akaanza shule Januari 1976 na kumaliza darasa la saba mwaka 1982.

Tarehe 2 Februari 1987 aliajiriwa kufagia studio ya picha ghorofani, nyuma ya soko, na mwenye studio, mzee mkali lakini mwenye haki, alipoona ana jicho la picha akampa kamera, akamfundisha kusema smaili plizi, yaani tabasamu tafadhali, ipasavyo, maana wapiga picha wote waliyasema maneno yale, ila wengi waliyasema ovyo huku wakihangaika na taa, mteja anatabasamu mpaka mashavu yanakakamaa, picha inatoka kama mtu anayeumwa jino. Dada yetu alinyoosha kola kwanza, akainua kidevu kwa kidole kimoja, akapima mwanga, na kidole kikiwa tayari juu ya kitufe ndipo akasema, mara moja tu, smaili plizi, na tabasamu likawa limeshakamatwa.

Tarehe 16 Septemba 1995 alifunga ndoa na dereva wa lori, ambaye alitutangulia mwaka 2011, na siku ile bibi harusi alimgombeza mpiga picha wake mwenyewe, "Wewe, unaniitia tabasamu na kifuniko cha kamera hujatoa?", hata mchungaji akacheka. Walijaliwa mtoto wa kiume mwaka 1997 na wa kike mwaka 2001.

Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini, na tarehe 29 Mei 2023 akalazwa. Binti yake yuko masomoni ng'ambo, ndege yake ilikuwa ya Jumamosi, na mama alijua kwamba Jumamosi ni mbali, hivyo tarehe 7 Juni alimwomba kaka yake ampige picha moja ya kumwachia mtoto, akiwa anacheka, asije akamkumbuka kwa ugonjwa. Muuguzi alimwegemeza kwenye mito, dada akajifunga kitambaa kichwani mwenyewe, akakaa vizuri, na kaka mtu, kwa woga, akaanza na smaili plizi kabla hajaiangalia simu. Dada akatabasamu, lile tabasamu lake lote, kaka akabonyeza, kumbe kamera ya simu imegeuziwa upande wake, ikapiga uso wake yeye, akahangaika kuigeuza huku mgonjwa akilishikilia tabasamu mpaka midomo ikatetemeka, na picha ilipopatikana lilikuwa limekwisha. Akasema taratibu, "Umeanza na mwisho, kaka," kisha, "Basi, tutarudia kesho."

Kesho yake hakuamka usingizini, na Ijumaa tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, Bwana alimchukua.

Binti yetu, kaka wa mama yako anaungama mbele za Mungu na mbele yako, picha hiyo juu ya jeneza, yenye mdomo uliofumbwa, ni kosa la mjomba wako, si huzuni ya mama yako, tabasamu lilikuwepo na lilikuwa lako. Ile nyingine, ya uso wa mjomba, hajaifuta, atakupa, umtazame alivyokuwa akimtazama mama yako anacheka, hana kingine cha kukupa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tatu, majirani waliopika na kufua tangu Agosti, na mafundi wote wa studio waliofunga kazi leo ili wawe hapa.

Pumzika kwa amani, dada, kaka yako amechelewa, lakini amekuona.