Nadhiri Niliyoiweka kwa Miguu ya Binti Yangu

Amani iwe kwenu, ndugu zangu mliopanda ngazi hizi zote kuja kunisikiliza. Lifti ilikufa kabla hatujahamia jengo hili, na namwona mama mmoja hapa mbele bado anatafuta pumzi. Pumua tu mama, sina haraka. Mimi ni yule msusi wa Yeoville, hapa Johannesburg, mnayemjua kwa mdomo wake. Mara nyingi nimesimama hapa kuwaambia nimeshinda. Leo nasimama kuwaambia nilivyokosea, na niliyemkosea ni mtoto wangu wa kumzaa. Nimemwomba ruhusa kwanza. Alifikiri siku mbili, kisha akaniambia sawa, sema, ila usilie sana. Nitajaribu.

Wengi mmemwona akikua. Tulipotoka Uvira, kule Kongo, nilimbeba mgongoni, sasa ana miaka kumi na mitano na ananizidi urefu. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika ni Kizulu. Maneno yake nitawapa kwa Kiswahili, msije mkadhani ameongoka lugha.

Shuleni alichaguliwa kwenye timu ya washangiliaji. Nyinyi mliokuja mji huu juzi niwaeleze, kwa sababu mimi pia nilidhani ni kupiga makofi pembeni mwa uwanja. Ni mchezo kamili, wenye kocha na waamuzi na mashindano. Wasichana watatu au wanne wanamshika mwenzao nyayo, wanamnyanyua juu ya vichwa vyao, anasimama kule kwa mguu mmoja akitabasamu, halafu wanamrusha na kumdaka. Yule wa juu ndiye binti yangu. Mara ya kwanza nilipomwona kule nilifunga macho. Mara ya pili niliwagusa watu wa viti vya jirani mmoja mmoja nikiwaambia, yule ni wangu.

Kocha wa klabu moja ya mtaa wa Rosettenville akamwona, akamtaka. Nikakubali. Miezi michache baadaye klabu nyingine ya hapa mjini ikakosa msichana mwepesi wa kurushwa, wakamtaka nao. Nikakubali tena. Mchovya asali hachovyi mara moja. Hapo ndipo nilipofanya ujanja wangu: kila kocha nilimwambia kwamba timu yake ndiyo pekee. Niliogopa wakijuana watamgombania, au watamwacha. Na mtoto nikamfundisha kusema hivyo hivyo. Ndugu zangu, nawaambia kweli, mdomo niliokuwa nimeufundisha kuomba, niliufundisha na uongo, tena nikiwa namsuka nywele za mashindano.

Sasa inakuja ile ibada ya nadhiri ya mwanzo wa mwaka. Mnaikumbuka. Mmoja alisimama akaahidi viti vya plastiki vya watoto. Mwingine akaahidi spika. Mimi nilikaa pale nyuma nikijiona mdogo. Kiti ninachosukia watu ni cha kukodi, ningeahidi nini? Moyo ukaniambia, huna kitu lakini una mtoto. Nikainuka, nikaja mpaka hapa hapa niliposimama, nikasema: mwaka huu binti yangu ataleta madhabahuni medali tatu, moja kutoka kila timu. Mlipiga vigelegele mpaka vioo vikatetemeka. Siwalaumu. Mimi ndiye niliyevitaka vigelegele hivyo, na nililala navyo wiki nzima.

Binti yangu alikuwa amekaa na wenzake wa kikundi cha kucheza, wale wanaocheza mbele ya kwaya. Hakupiga makofi. Nilimwona. Nikasema moyoni, anaona haya, ni msichana.

Mwaka ukaanza kukimbia. Akitoka shule ni mazoezi, akitoka mazoezi ni teksi, akifika nyumbani vitabu vinamsubiri. Alianza kusinzia na kijiko mkononi. Nikampa chai ya tangawizi. Akaanza kulia kabla ya kuvaa viatu vya mazoezi, kulia tu, bila sauti, huku anafunga kamba. Nikamwambia wenzako wanatamani nafasi yako. Baba yake ni mlinzi, mtu wa maneno machache, kazi yake ni kuangalia watu wanavyotembea. Akaniambia, "Mama, huyu mtoto anachechemea." Nikamjibu kwamba anaringa. Akaniambia, "Mimi najua tofauti ya kuringa na kuumwa." Nikabadilisha mazungumzo. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshaagiza jeneza.

Wakati huo medali mbili zilikuwa zimepatikana. Mliziona hapa. Ya timu ya mjini, tukaiombea. Ya klabu ya Rosettenville, tukaiombea. Ikabaki ya shule, na timu ya shule ni dhaifu, tuseme ukweli, haijawahi kushinda kitu. Nikamwambia mtoto, basi wewe ndiye utawabeba. Mtoto anayebebwa na wenzake, mimi namwambia awabebe wao. Hivyo ndivyo akili yangu ilivyokuwa.

Siku ya mashindano sikwenda saluni, nikavaa kitenge kipya. Timu yetu ikaingia. Muziki ukaanza. Wakamnyanyua binti yangu. Akapanda juu vizuri kabisa, akasimama, na wakati wa kunyoosha mikono ukafika, hakunyoosha. Wenzake chini wakahesabu tena. Hakunyoosha. Alisimama pale juu ya watu wote mikono imelala, uso hauna kitu, si hofu, si hasira. Halafu nikaona midomo yake inasema neno, na wale wa chini wakatazamana, wakamshusha taratibu mpaka kwenye mkeka. Akakaa chini. Muziki unaendelea. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka pamoja kando yake.

Na mimi nilifanya nini? Nilisimama nikapiga kelele, kwa Kiswahili, mbele ya wazazi wote wa Johannesburg, "Inuka! Medali!" Sikuuliza kama ameumia. Nililitaja lile bati kabla ya jina lake. Neno hilo nalisikia mpaka leo.

Nilimfuata nyuma ya ukumbi nikiwa bado na moto. Nikamwambia, nimemwahidi Mungu mbele ya watu, unataka niwe mwongo? Akaniangalia. Akasema, "Mama, wewe ndiye uliyeahidi. Mimi hakuna aliyeniuliza." Kisha akasema, "Nimechoka. Si uchovu wa leo. Nikiamka nimechoka. Hata nikiwa juu, pale ninapopapenda, sisikii kitu." Nikaangalia miguu yake ilivyokuwa pekupeku kwenye ile saruji. Mbele ya muundi wa mguu wa kulia palikuwa pamevimba. Mimi ninayesuka kichwa hicho kila wiki sikuwa nimeangalia miguu.

Kesho yake tukaenda kliniki. Tukapigwa picha. Daktari, mama mmoja wa makamo, akatuonyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Akasema huu hautokani na kuanguka, unatokana na kurudia rudia bila kupumzika. Akaniuliza, "Kwa wiki anapumzika siku ngapi?" Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Jumatatu na Jumatano, shule. Jumanne na Alhamisi, Rosettenville. Ijumaa na Jumamosi, mjini. Nikasema kwa furaha kama mtu aliyepata jibu la mtihani, "Jumapili! Jumapili anapumzika." Mtoto akasema polepole, "Jumapili nacheza kanisani, Mama." Daktari akaweka kalamu chini. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema mfupa utapona ukipewa muda, lakini kuchoka kwa moyo kunahitaji zaidi ya plasta, na asiruke kabisa mpaka yeye aseme.

Eish, ndugu zangu. Nilitoka pale najua cha kufanya kuhusu mguu. Kuhusu nadhiri sikujua. Sisi tumefundishwa kwamba nadhiri ni deni, usipoilipa inakufuata. Niliogopa kweli kweli. Nilifikiri nikimsimamisha mtoto laana itamrudia yeye. Yaani hata hofu yangu niliitwisha mgongo wake.

Nikamwendea mama mmoja wa idara yetu ya akina mama hapa kanisani, mshonaji, yuko hapa na simtaji, ataniwashia moto. Alikuwa anatia pindo kwenye gauni la harusi. Nikamweleza yote, na timu, na uongo, na medali. Hakusimamisha cherehani. Akaniuliza, "Hiyo nadhiri, ni kinywa cha nani kilichosema?" Nikasema changu. "Na miguu inayolipa ni ya nani?" Nikasema ya binti yangu. Akasema, "Mama, mteja akiagiza gauni mwenyewe, siendi kumpima jirani yake. Lipa na mwili wako. Mungu anakufahamu kwa sura, hatachanganya."

Nikacheka, kisha nikalia, kisha nikaenda kwa mchungaji nikamwambia nabadilisha malipo. Ahadi ilikuwa medali tatu. Nitalipa miezi mitatu ya kusafisha ngazi za jengo hili kuanzia chini mpaka mlangoni, kila Jumamosi, kwa magoti yangu. Akasema si lazima. Nikamwambia kwangu ni lazima. Wengine mlinipita na ndoo mkadhani nimepewa adhabu. Mtu mmoja aliniruka pale ngazini akasema pole dada, saluni imefungwa? Nikamjibu ipo, karibu usukwe. Wiki ya tatu magoti yalivimba, na hapo ndipo nilipoelewa kidogo, kidogo tu, maana ya kuamka ukiwa umechoka na kujua kesho unaambiwa panda tena. Aliyevaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.

Kazi ngumu zaidi haikuwa ngazi. Ilikuwa makocha. Nilikwenda kwa kila mmoja, na mtoto pembeni yangu, nikasema: nilikudanganya, na mtoto alidanganya kwa sababu nilimwamuru. Mmoja alikasirika, akasema ningemwambia mapema angempunguzia mtoto mazoezi. Haki yake. Mwingine alinishika mkono akasema anao wasichana wengine wawili anaowashuku hivyo hivyo, akaenda kuwauliza siku ile ile. Wa shule akasema tu, "Tutamsubiri." Njiani, tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, binti yangu alinishika mkono tukavuka. Alikuwa ameacha kunishika mkono siku nyingi.

Alipumzika. Wiki za kwanza alilala mpaka nikawa naenda kusikiliza pumzi yake. Baadaye akaanza kunisumbua jikoni, kunicheka ninavyotamka Kiingereza. Siku moja nikamkuta anafanya mazoezi ya mikono mbele ya kioo cha saluni, peke yake, anatabasamu, na hakuna mwamuzi hata mmoja. Nikarudi nyuma nikafunga mlango.

Daktari aliporuhusu, nilimwambia chagua timu moja, na siku mbili za wiki ni za kulala au za uvivu, sitaki kujua. Nilikuwa na hakika atachagua Rosettenville, wana vikombe mpaka dirishani. Akachagua ile dhaifu ya shule. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu nilipowaambia nishusheni, walinishusha."

Na leo, mbele yenu, namwondoa rasmi pia kwenye kikundi cha kucheza cha Jumapili. Atakaa kwenye kiti kama mimi na nyinyi. Akitaka kurudi atasema mwenyewe, kwa kinywa chake.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia na ndoo yangu. Namshukuru daktari yule, na mama wa cherehani, na baba wa nyumba yangu aliyeona kabla yangu na hakunisimanga hata mara moja, ingawa nilistahili. Nawashukuru wale wasichana waliomshusha taratibu. Mamaye alikuwa anapiga kelele ainuke, na wao wakamsikiliza yeye.

Wazazi wenzangu, wenye watoto wa mpira, wa kwaya, wa masomo ya ziada: sisi tulivuka mipaka kwa kuvumilia, na tunadhani kuvumilia ndiyo lugha pekee ya kumfundisha mtoto. Muulizeni mtoto kabla hamjamwahidi. Akisema amechoka, msimletee mfano wa Uvira.

Nina ombi moja la mwisho. Binti yangu yuko mstari wa tatu, mwenye sweta la bluu. Tukitoka, nawaomba msimuulize ameshinda nini. Najua mmezoea, mimi ndiye niliyewazoesha. Msalimieni kama tunavyosalimiana nyumbani. Mwambieni, "Umelalaje?" Halafu subirini awajibu.