Mahindi ya Leta Tuliyokataa Kuuzisha

Bapapa na bamama wa shirika letu la kanisa, mimi si mutu wa kusimama mbele ya watu. Lakini leo nikinyamaza, nitakuwa nimemuibia Mungu shukrani yake.

Nilikuwa nauzisha beignets, maandazi ya kukaanga, hapa Kasha; bwana yangu alikuwa masoni, mujengaji wa nyumba. Siku moja akaanguka kwenye chantier, pale walikuwa wanajenga. Mugongo ukakataa, akabaki wa kitanda. Kisha bei ya unga ikapanda, mafuta ikapanda, hata sombe, majani tu ya muhogo! Mtaji wa beignets tukaukula wote. Chakula ikikosekana, nilikuwa naambia batoto: "Leo tunafunga, tunamuombea papa." Mutoto wangu wa mwisho akaniuliza: "Maman, na papa asipopona, hatutakula tena?"

Ndugu zangu, nawaambia, nilitoka inje nikalia.

Ndipo leta, ndiyo serikali yetu, ikatangaza kwamba itatoa chakula Bagira, kwa jamaa zenye bei imewashinda. Nikakataa kwenda. Mimi, niliyekuwa nagawia wengine, leo nikapange mustari? Jirani yangu, mama mukubwa, akanivuta mukono. "Maman, aibu haishibishe batoto. Simama twende."

Tukapewa maharagi, mafuta, na gunia la mahindi. Lakini ile mahindi ilikuwa ya punje, na kwa mulini, kwenye mashini ya kusaga, hawasage bure. Pale kwenye mulango wafanya biashara walikuwa wanangoja, wanainunua kwa bei ya kuchekesha. Bamama wakaanza kuuzisha. Mimi nikaachia jirani yangu gunia, nikapeleka maharagi nyumbani kwanza, nikamuambia bwana yangu kwamba narudi kuuzisha gunia.

Akageuza kichwa pale kitandani. "Unauzisha chakula juu ya kununua chakula?"

Aliniuliza polepole tu, lakini ilinipiga hapa, ndani. Nikaenda mbio kwa papa wa mulini. "Papa, tusagie. Pumba zote zibaki kwako, uuzishie wenye kufuga nguruwe."

Akacheka. "Pumba za gunia moja, maman? Hata mafuta ya mashini hairudi. Lete magunia mengi, tutasikilizana."

Bamama, munakumbuka vile nilirudi kwenye ule mulango nikipiga kelele? "Musiuzishe! Musiuzishe!" Wengine walidhani nimerukwa na akili. (Maman pale nyuma, usicheke, na wewe ulinikimbia!) Lakini mukanifuata, magunia kichwani, na mashini ikanguruma mupaka jioni. Siku ile Kasha yote ilinukia bugali! Batoto walikula mupaka yule wangu wa mwisho akalala mukono ungali kwenye sahani.

Unga mwingine nikaukaangia beignets, nikarudi sokoni. Musaada wa leta uliisha, sisi hatukuisha. Mupaka leo tunaagiza mihogo kutoka Walungu pamoja, tunasaga pamoja. Na bwana yangu, mugongo ulipona polepole, mutazame, ameketi pale! Amekuja kwa miguu yake.

Asanti kwa leta, juu ya ile gunia. Asanti papa wa mulini. Asanti jirani yangu aliyenivuta mukono. Na wewe uliye na njaa leo na unajificha, sikia: kupokea si aibu. Pokea, kisha ita jirani yako. Gunia moja lilikataliwa kwa mulini. Yetu yote pamoja, mashini iliyasaga.