Dawa ya Kusaidia Dawa

Benchi letu limeegemea ukuta wa uwanja wa Ruring'u, pale Fuad anapouza kahawa ya tangawizi. Wenye benchi ni mimi, pamoja na Jaji, ambaye kwao anaitwa Moffat na alifagia mahakama mpaka akaanza kuhukumu, na Injinia Theuri, fundi wa pampu za maji. Mwenzetu Wamae anatibiwa skizofrenia. Kuna wakati sauti zilimfokea usiku na mchana. Dawa ikazinyamazisha, tukarudishiwa rafiki yetu, ila mikono yake ikaanza kutetemeka. Na Jumamosi hii anaoa huko Tetu. Lazima asimame mbele ya wazee wa kina Wangechi, mchumba wake, akate kiande, lile bega la mbuzi, kisu kipate kiungo mara moja. Akikosa, watamcheka mpaka wajukuu. Kwa hivyo siku hizi yeye ndiye anayetumiminia kahawa, mkono ufanye mazoezi, na suruali zetu zimeteseka vya kutosha. Jana alikuja na pakiti mpya ya vidonge, akaiweka benchini, akashika birika.

— Hii ni ya nini tena? Injinia akauliza.

— Ya kutetemeka. Daktari aliniongezea Jumatatu. Ile ya kwanza ndio inaleta kutetemeka, hii inatuliza.

— Ati dawa ya kusaidia dawa?

— Eeh. Leta kikombe.

Injinia akanyoosha kikombe, akajaziwa, akaendelea.

— Wasee, hiyo ni biashara. Pampu ikitetemeka, huwezi ongeza pampu ingine juu yake. Unazima!

— Ukizima, maji itatoka wapi? Fuad akauliza akipuliza makaa.

— Fuad, wewe chunga jiko yako.

Jaji akakohoa kile kikohozi chake cha mahakamani.

— Mshtakiwa, hii ya pili imekufanyia nini?

— Mdomo inakauka. Daktari alisema nikunywe maji kidogo kidogo.

— Si mnaona! Injinia akadakia. Sasa atapewa ya tatu ya kulowesha mdomo. Hiyo italeta jasho. Ya kuzuia jasho italeta baridi. Kufika Krismasi huyu anatembea na gunia ya dawa, na sisi ndio wabebaji!

— Na mbuzi ikikula hiyo gunia? nikauliza, maana na mimi nilikuwa nimeshaambukizwa mzaha wao.

— Itatulia mpaka ijikate kiande yenyewe! Injinia akajibu.

Tulicheka mpaka wapita njia wakasimama. Wamae alicheka kutushinda, huku akizunguka na birika raundi ya pili. Ndipo Injinia akamvuta karibu.

— Lakini sikiza, bro. Wacha zote mpaka Jumapili. Hakuna dawa, hakuna kutetemeka. Unakata kiande, unaoa, Jumatatu unarudi kumeza.

— Korti imekubali, Jaji akasema.

Wamae akaacha kucheka. Aliitazama ile pakiti kwa muda, na mimi nikaogopa kweli, kwa sababu nilikuwepo siku ile alipojifungia ndani akibishana na ukuta. Nilikuwa natafuta la kusema wakati Wangechi, bibi harusi mwenyewe, alipotokea na mfuko wa vitunguu kutoka Karatina. Alikuwa amesikia.

— Mnamwambia awache dawa?

— Ni siku kidogo tu, Jaji akasema, sauti imepungua.

— Sawa. Mimi nauliza kitu moja tu. Leo ni nani amemwagiwa kahawa?

Jaji akaangalia suruali yake. Injinia akaangalia yake, akapapasa hata magoti. Mimi nikainua viatu vyangu kimoja kimoja. Vilikuwa vikavu. Vikombe vilikuwa vimejaa hadi ukingoni na benchi halikuwa na tone.

Wamae naye akautazama mkono wake ulioshika birika. Ulikuwa umetulia tuli. Akaanza kucheka tena, safari hii machozi yakimtoka, na Wangechi akacheka naye akimshika bega. Nilifurahi mpaka nikashindwa kukaa.

— Nani anataka ingine? Wamae akauliza.

Sote tukamaliza iliyokuwepo, tukanyoosha vikombe kwa pamoja, Injinia wa kwanza. Wamae akainamisha birika, halikutoa kitu. Akamgeukia Fuad.

— Imeisha, Fuad akasema. Na leo yote mmekunywa.