Wimbo Wake Uliitwa Nifungue

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, na ninyi mliokuja kwa sababu ya wimbo, karibuni mkae, wazee wapishwe kivulini na simu zizimwe. Familia ilikuwa imempa shemeji yangu kazi ya kusoma historia hii ya marehemu, lakini yako mambo humu ambayo si haki kumtwisha mtu mwingine, kwa hiyo nitaisoma mwenyewe, mimi mkewe, na nitaisoma kama nilivyoiandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa nne kati ya watoto saba wa fundi seremala na mama aliyekuwa akishona nguo nyumbani, katika nyumba ya vyumba viwili iliyotazamana na reli. Alianza shule ya msingi mwaka 1960 akamaliza 1966, akaingia sekondari Januari 1967, akasoma hadi kidato cha pili, na Desemba 1968 akaacha, kwa sababu baba yake alikatwa mkono na msumeno na ndugu zake wakubwa wote walikuwa wameshaolewa au kuhama. Walimu walimkumbuka kwa sauti yake, na kwa mwandiko wake, maana aliandika kila herufi kama anayeichonga, na hilo la herufi naomba mlishike.

Tarehe 2 Februari 1970 aliajiriwa katika kiwanda cha viatu, karakana ya gundi. Wenye umri wangu wanajua raizoni ni nini, na vijana niwaeleze kwamba vilikuwa viatu vyenye soli nene kama tofali, vilivyovaliwa na wanaume kwa wanawake chini ya suruali za bugaluu pana kama sketi, na mtu akiteguka navyo alilala ndani wiki nzima. Raizoni hizo zilizochezewa dansi kila ukumbi zilibandikwa soli na marehemu na wenzake thelathini, ndani ya karakana iliyofungwa kwa mnyororo na kufuli kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni ili viatu visiibwe, na mvuke wa gundi ukafungiwa humo humo pamoja nao. Ufunguo alikuwa nao msimamizi, na msimamizi alikuwa anakaa nje.

Humo ndimo marehemu alimotunga wimbo wake, mwaka 1974, akiupigia mdundo kwa nyundo ya kubandikia soli, na aliyekuwa akiuanzisha kila siku alikuwa rafiki yake mkubwa, mkata soli, mwenye sauti nzito kuliko wote mle ndani. Wimbo uliitwa Nifungue, Mwenye Ufunguo. Haukuwa wa mapenzi, ulikuwa unamwambia msimamizi afungue mlango watu wapate hewa, na msimamizi aliposikia watu thelathini wanaimba kwa pamoja alidhani wamefurahi. Tarehe 9 Juni 1975 wenzake walimsindikiza hadi getini aupeleke studio, kwa makubaliano kwamba ukichezwa redioni, wakubwa wa kiwanda nao watausikia.

Sasa hapa ndipo ninapoingia mimi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nina miezi miwili kazini, mpiga chapa wa studio hiyo, na mashine niliyopewa ilikuwa na kitufe cha u kilichokwama, herufi ambayo Kiswahili hakiwezi kwenda hatua mbili bila kuihitaji. Nilikuwa napiga ukurasa mzima bila u, kisha nachukua kalamu ya wino wa bluu na kuzitia moja moja. Neno ufunguo likitoka "fngo" jicho linashtuka, huwezi kuliacha. Lakini nifungue lilitoka "nifnge", nikatia u ya kwanza, likawa nifunge, neno zuri tu lenye maana yake, jicho likaridhika likaendelea mbele. Hivyo ndivyo lilivyokaa kwenye mkataba, na hivyo ndivyo nilivyolinakili kwenye karatasi ya waitikiaji, na marehemu, aliyekuwa na haraka ya kurudi zamu, akatia sahihi.

Siku ya kurekodi, tarehe 16 Juni, wale dada watatu wa kuitikia wakaimba walichopewa, Nifunge, Mwenye Ufunguo, kwa sauti tamu mno, marehemu akasimamisha bendi akasema neno si hilo. Mwenye studio aliichukua karatasi, akaisoma, akacheka, akasema, "Bwana mdogo, nifungue ni ya jela, nifunge ni ya mahaba. Hii itapendwa. Na sahihi hii ni ya nani, ya babu yangu?" Kisha akauliza nani kapiga chapa, na mimi nikainama kutafuta kitu kwenye mtoto wa meza ambamo hamkuwa na kitu, kwa sababu nyumbani mama yangu na wadogo zangu walikuwa wananitegemea. Aliyejibu alikuwa marehemu. Alisema, "Basi, tuendelee."

Wimbo uliingia kwenye kipindi cha Kumi Bora tarehe 2 Agosti 1975, ukawa wa saba, na tarehe 23 ukawa wa kwanza, ukakaa hapo wiki tisa. Kila Jumamosi saa nane mchana redio zilifunguliwa mtaa mzima, mtu alianza kuusikia kwenye duka la kwanza na kuumalizia kwa kinyozi bila kukosa neno. Vinyozi walimchora marehemu kwenye mbao zao, mikanda mipana ya akina dada ikaitwa nifunge, maharusi wakafungia ndoa kwa wimbo huo, na mpirani kipa akishakula mabao matatu, mashabiki wa upande wa pili walimwimbia wote kwa pamoja, nifunge. Naye jina lake likapotea, akawa Nifunge, hata kwenye kadi ya kliniki.

Kiwandani meneja aliupenda sana. Alifungisha kipaza sauti karakana ya gundi, wimbo ukapigwa asubuhi na mchana, na mlango ukiwa na mnyororo ule ule. Siku ya kwanza kupigwa, mkata soli aliweka kisu chini, akamwambia marehemu mbele ya wote, "Kwa hiyo wamekununua. Tulikutuma ukaombe tufunguliwe, wewe umekwenda kuomba ufungwe." Tangu siku hiyo hakumpa salamu tena, na nyumba zao zilikuwa mitaa miwili kutoka moja hadi nyingine.

Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, ukimtaka auimbe kama ulivyorekodiwa kila atakaposimama, wala asirekodi mwingine ila kwa idhini ya mwenye studio, na idhini haikutoka. Nyimbo nyingine alizotunga zimo ndani ya daftari nne, ninazo kwenye sanduku. Akijaribu kuanza moja ukumbini, watu walipiga kelele, "Nifunge! Rudia!", akaurudia, wakaridhika, wakasema rudia tena. Mara moja tu, mwaka 1977, alialikwa kuimba gerezani, mfungwa mmoja akamkatiza, "Kaka, sisi tumeshafungwa, hiyo kawaimbie walio nje," naye akauimba kama alivyoutunga, wafungwa wakasimama, na kabla ya ubeti wa pili umeme ukazimwa. Alirudi nyumbani anacheka peke yake njia nzima.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1978, miaka mitatu baada ya yeye kuanza kupita studio kuuliza barua ambazo hakuna aliyemwandikia. Bendi ilipiga wimbo ule bila kuombwa, tukaucheza, mimi nikitazama viatu vyangu. Tulijaliwa watoto watatu, wa kwanza wa kike, mwaka 1979, ambaye ni fundi umeme, wa pili wa kike, mwaka 1982, mwalimu, na kitindamimba wa kiume, mwaka 1986, aliyekuwa akirudi shuleni na shati limechanika kila alipoimbiwa wimbo wa baba yake. Ameacha wajukuu watano. Kulea sitaeleza hapa, waliolea wanajua.

Raizoni zilipotoka katika mitindo kiwanda kilifungwa, mwaka 1981, na mlango wa karakana ya gundi ukatolewa bawaba ukauzwa. Tarehe 1 Machi 1982 marehemu aliajiriwa idara ya maji, msomaji wa mita, akastaafu tarehe 14 Machi 2013. Wenzake wa idara wananisikia, wataniambia kama naongeza chumvi. Alikuwa akigonga geti, sauti inatoka ndani, "Nifunge huyo, amekuja kufunga maji!", na wengine walimwambia aimbe kwanza ndipo wamfungulie. Aliimba, mara zote, juani, na daftari la mita mkononi, miaka thelathini na moja, kisha anasoma mita anakwenda geti la pili.

Alianza kukohoa mwaka 2019, tukadhani ni vumbi. Tarehe 20 Januari 2024 alilazwa, na daktari baada ya picha alimuuliza kama aliwahi kufanya kazi ya gundi au rangi, akajibu kwa kuandika na kidole juu ya shuka, gundi, kwa sababu siku hiyo pumzi ilikuwa ya kubania. Hata wodini kijana aliyesukuma kitanda alimtambua akamwomba ubeti mmoja, na mimi nikamfukuza, naomba anisamehe kama yupo.

Tarehe 11 Mei mchana, wakati wa kutazama wagonjwa, nilimwambia kwamba neno lile nililiharibu mimi. Nilikuwa nimelibeba miaka arobaini na tisa, nafua nalo, napika nalo, nalala nalo. Akanitazama, akasema, "Mama watoto, nilijua siku ile ile. Mkataba wangu wote u zake zilikuwa za kalamu. Nani mwingine alikuwa anapiga chapa pale, paka?" Nikamuuliza mbona hakunitaja. Akasema, "Ungefukuzwa, ningekuona wapi tena?" Nikamwambia basi angemwambia hata mkata soli, akasema kumwambia mkata soli ilikuwa ni kunitaja mimi. Kisha akataka mambo mawili, rafiki yake aambiwe, na asizikwe kwa neno lile. Baada ya hapo akaniomba nimgeuzie mto.

Alifariki Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Jumatano nilikwenda kwa mkata soli na mkataba kwenye mfuko. Alinifungulia mlango nusu, akasema, "Shemeji, pole. Umefuata nini?" Nikamweleza pale pale mlangoni. Akauliza, "Herufi moja?" Nikasema moja. "Miaka yote hii mimi napita upande wa pili wa barabara kwa ajili ya herufi moja?" Akaomba karatasi, akaenda kutafuta miwani, akasimama nayo dirishani muda mrefu, akipitisha kidole kwenye u zangu za bluu. Alichosema ni hiki, "Lete viatu vyake vya kuzikiwa." Nilivipeleka, na leo asubuhi amevirudisha na soli mpya alizozikata kwa mkono wake, akisema mtu wa kiwanda hawezi kwenda na soli zile za plastiki. Marehemu amevivaa.

Kwa hiyo utaratibu wa kaburini ni huu. Aliyeleta spika na santuri azime, asiudhike. Wimbo utaanzishwa na mkata soli, kama alivyokuwa akiuanzisha karakana, watafuata waliobaki wa karakana ya gundi, ambao wako wanne, wamekaa pamoja pale kwenye benchi, na wengine wote mlioufundishwa na redio mtasikiliza kwanza. Ni Nifungue. Kuna u mbili. Utaimbwa mara moja, na asiwepo wa kusema rudia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, jirani yetu wa ukuta mmoja aliyetuletea maji na kukaa na wajukuu, idara ya maji kwa gari na turubai, na vinyozi wa mtaa waliofunga kazi leo, na wale ambao sikuwataja wajue ni uchovu, si dharau.

Pumzika sasa, baba watoto, umefunguliwa.