Fundi Bomba Aliyejifunza Kufuma Lesi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka fundi bomba. Mtaani walimwita Kaza, kwa sababu nati aliyoikaza yeye, mwingine hakuifungua. Kaza alifariki mwezi uliopita. Ameacha mke na binti mmoja.

Tuanze na mkewe, maana habari ya lesi ni yake. Tangu usichana wake alifuma kwa kroshia, ile sindano yenye ncha ya ndoano. Viti, meza, hata redio ya nyumba ile, vyote vilivalishwa vitambaa vyake. Kisha presha ya macho ikampofusha. Mumewe alimwambia kwamba vidole vyake bado vinajua kazi. Mke hakutaka kusikia.

"Mimi na kroshia tumeshaachana," alisema, akaifungia kabatini.

Kaza alikuwa amestaafu. Alishinda nyumbani, akimtazama mkewe ameketi, mikono mitupu imelala mapajani. Siku moja akafungua kabati, akatoa kroshia na uzi.

"Basi nifundishe mimi."

"Wewe? Na hayo madole?"

"Haya haya. Hukuyalalamikia ulipokubali nikuoe."

Binti yao, ambaye ni muuguzi, anasema baba hakumficha nia yake. "Aliniambia, 'Nataka mama yako achoke na ujinga wangu, aninyang'anye.'" Hiyo ndiyo iliyokuwa shabaha yake, wasikilizaji wapendwa. Alitaka mkewe ashike kroshia tena.

Ujinga wenyewe haukuwa wa kuigiza. Lesi ni matundu yaliyopangwa, na Kaza alikuwa ameishi kwa kuziba matundu. Alivuta uzi kama anayezuia bomba lisivuje. Mkewe akipapasa kazi yake, alikuwa akiuliza, "Hapa hata maji yatapita kweli, fundi?" Tena, kila mwisho wa mstari alisahau kitanzi cha pembeni. Ni kosa la wengi wanaoanza. Kitambaa kikazidi kupungua upana, mpaka kikawa pembetatu.

"Mume wangu, nilikuagiza kitambaa cha meza. Hiyo meza ya kona tatu iko wapi?"

"Nitaichonga."

Walicheka. Akafumua, akaanza upya. Ikawa hivyo kila alasiri. Lakini kroshia yenyewe mkewe hakuishika. Alimsahihisha kwa maneno tu.

Siku moja, mwezi uliopita, Kaza alijilaza baada ya chakula cha mchana, hakuamka. Kazi yake ilibaki kwenye mkono wa kiti, kroshia ikiwa ndani ya kitanzi cha mwisho. Kitanzi hicho kikiachiwa kabla ya kufungwa, ukivuta uzi kazi yote hufumuka. Waombolezaji walipoanza kuingia, dada wa marehemu akawa anapanga sebule. Akachomoa kroshia, akavuta uzi, akauviringisha vizuri ukawa donge.

Jioni mjane akauliza kitambaa kiko wapi.

"Kile kipande kilichopinda? Nilidhani kimeharibika, wifi. Nimekufumulia, uzi usipotee bure."

Mjane hakumlaumu. Aliomba tu apewe donge.

Uzi uliokwisha kufumwa haunyooki mara moja. Hubaki na mikunjo, nayo huwa mikali palipokazwa. Mjane akauachia kidogo kidogo, akiupitisha kati ya vidole. Binti alikuwa ubavuni mwake. "Mama alisema, 'Hapa alikaza. Hapa bado alikaza.' Alipokaribia kiini cha donge, penye uzi wa mistari ya mwisho ya baba, akasema, 'Hapa alilegeza.' Ndipo akaniambia, 'Mwanangu, niletee kroshia.'"

Mjane anafuma sasa, kwa uzi ule ule. Binti anasema mama akifika mwisho wa mstari husimama, hugeuza uso upande wa kiti cha mumewe kama anayesubiri kuulizwa jambo, kisha huendelea.

Fundi Kaza alitaka mkewe ashike kroshia tena. Ameishika. Yeye hayupo.

Kwa mjane, kwa binti, na kwa dada wa marehemu ambaye hakukusudia ubaya wowote, poleni sana. Na wewe unayetusikiliza, kama nyumbani kwako yuko mtu anayehangaika na kazi asiyoiweza, mtazame vizuri leo. Huenda anakuhangaikia wewe.