Mwenyekiti Aliyeogopa Mkono Wake Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi madaktari mliojaa viti vya mbele kana kwamba kuna mtu wa kufufua: tunamsindikiza mdogo wangu. Nusu ya mji huu ilimwita Daktari Ngoja, kwa sababu hakuna mgonjwa aliyetoka chumbani kwake kabla ya kuambiwa, "Ngoja kwanza, niangalie tena."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1954, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi bomba na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mvua ya siku hiyo ilikuwa kubwa hata mkunga alifika amekalia beseni la kufulia, akipiga kasia kwa mwiko. Wanaobisha walikuwa hawajazaliwa. Mtoto alitoka amekunja ngumi zote mbili, na tangu hapo alikuwa mwoga. Nalisema mbele yake kwa heshima zote, maana yeye mwenyewe hakulificha. Kuku akikohoa, yeye yuko juu ya kabati.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu, kisha sekondari ya bweni. Siku ya kumpasua chura darasani alizimia, na mwalimu wake alituapia kwamba chura aliamka kabla yake. Mama akadhani ndoto ya udaktari imekufa hapo hapo. Kumbe kijana alirudi likizo akasema, "Mama, nikikijua ninachokiogopa, labda kitapungua." Aliingia chuo cha udaktari mwaka 1974, akahitimu mwaka 1980. Hofu haikupungua, ila ilipata cheti.

Mwaka 1983 alifungua kliniki ya chumba kimoja juu ya duka la rangi. Alikuwa daktari wa familia, yule unayempelekea kikohozi, presha, mtoto asiyelala na mume asiyesema. Viti vya kusubiria vilikuwa vinne, na kimoja kilikuwa na mguu mfupi. Alikuwa akikikalia yeye.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Kabla ya hapo alimpelekea suruali moja ipunguzwe, akapeleka tena, na tena, bila kusema lililomleta, hadi suruali ikafika magotini. Wifi yangu akamwambia, "Kaka, kitambaa kimekwisha. Sema ulichokuja kusema." Walijaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Mwaka 1998 mama yetu aliumwa chini ya mbavu. Hatukuita daktari mwingine, wa nini wakati tunaye wetu? Marehemu akambonyeza, mkono ukaruka kama umegusa pasi ya moto. Kisha akatabasamu. "Gesi tu, mama." Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa tumemzika. Baada ya mazishi alinivuta jikoni akaniambia, "Niliugusa uvimbe, dada. Mkono ulijua. Mimi ndiye niliyekataa, kwa kuwa alikuwa mama." Tangu siku ile alikuwa akiutazama mkono wake kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

Mwaka 2012 wenzake walimchagua mwenyekiti wa chama cha madaktari wa familia. Hapo akaleta kanuni yake: daktari asijitibu mwenyewe, wala asiwe daktari wa watu wa nyumbani kwake, na kila mwaka, kwenye mkutano mkuu, kila mwanachama asimame ataje daktari wake. Asiye na daktari asishike cheo. Baraza lilishtuka. Kanuni ikapelekwa kwenye kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, kamati ndogo ikazaa mapumziko ya chai, na mambo yakalala.

Mpinzani mkubwa alikuwa daktari mmoja aliyeitwa Bwana Hapana, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza katika kila kikao. "Mwenyekiti," alisema, "mjini kwangu niko peke yangu. Mtoto wangu akibanwa na pumu nimpigie nani, seremala?" Marehemu alikubali kwamba hilo ni kweli. Kikaongezwa kifungu: ikiwa ni dharura, tibu, ikitulia, mkabidhi mwenzako. Bwana Hapana akasema hapana vilevile.

Kura ilipigwa mwaka 2016. Mikono ya ndiyo na ya hapana ikalingana, na katiba ya chama ikamtupia mwenyekiti kura ya kuamua. Alisimama. Akawasimulia habari za mama yetu, tangu mbavu hadi gesi. Kisha akauinua mkono ule ule. Kanuni ikapita.

Kuanzia siku hiyo hakunipima hata presha. Mkewe na watoto aliwakabidhi kwa wenzake, na mimi akanitafutia daktari mwanamke karibu na posta. Nilimwambia amesoma miaka yote ile ili aje kunikataa. Yeye mwenyewe alimchukua rafiki yake wa chuoni. Rafiki huyo akafariki mwaka 2021, na marehemu hakutafuta mwingine.

Sababu tulikuja kuijua baadaye. Alipokuwa akinyoa ndevu alikuwa amegusa kitu chini ya sikio. Akaacha kunyoa. Wifi akadhani ni uzee, au mwanamke.

Mkutano mkuu wa mwaka 2022 ulipofika, katibu alianza na mwenyekiti, kama desturi ilivyo. Aliyenisimulia ni Bwana Hapana, na yeye haongezi kitu, hana kipaji hicho. Marehemu alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mtu wa nyuma akaona aibu kwa niaba yake: "Tuendelee jamani, mwenyekiti ni mwenyekiti."

"Msiendelee," alisema marehemu. "Sina daktari. Nina uvimbe shingoni, na ninaogopa kuuonyesha."

Akamsogezea makamu kiti, akashuka jukwaani, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Hapana.

"Naomba uwe daktari wangu."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Hujawahi kuniambia ninachotaka kusikia."

Wakaingia stoo, katikati ya viti vilivyopangwa hadi darini. Bwana Hapana alimpapasa shingo polepole, upande huu, upande ule. "Mwenyekiti, hii si gesi."

"Najua," alisema marehemu, akamwegemea yule mpinzani, naye akamshikilia.

Ilikuwa saratani, na walikuwa wamechelewa. Alichomwa dawa, akapigwa mionzi, akakonda hadi wifi akazipunguza suruali zote, safari hii bila mzaha. Aliogopa sindano, aliogopa majibu, aliogopa simu ikilia. Bwana Hapana alikuja kila wiki, akamwambia ukweli bila kuupaka sukari. Siku moja marehemu alimuuliza kama itauma mwishoni. "Nitajitahidi isiume. Na mimi naogopa, Mwenyekiti. Lakini nipo."

Wiki ile ya mwisho niliketi kitandani kwake nikamwambia kuna kitu kinaniuma chini ya mbavu, na kwa daktari wa posta sijawahi kwenda. "Nibonyeze wewe tu, mdogo wangu. Mara moja." Aliingiza mikono yote miwili ndani ya blanketi. Alikuwa analia. "Sikugusi, dada. Nitakuambia ni gesi."

Alifariki nyumbani tarehe 11 Machi 2024, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika bega na daktari wake akiwa kando ya kitanda.

Ameacha mjane, mtoto wa kike, mtoto wa kiume na wajukuu watatu. Ameacha daktari wake, aliyekaa pale karibu na mlango, ambaye leo hajakataa lolote. Ameacha na mimi dada yake. Jana nilikwenda karibu na posta. Yule binti daktari alinibonyeza, akabonyeza tena, akasema, "Bibi, hapa pana kitu. Tutapapima Jumatatu." Nilitamani aniambie ni gesi. Jumatatu nitakwenda, wifi atanisindikiza.

Mdogo wangu, umeogopa vya kutosha. Sasa lala kwa utulivu.